Pikipiki Iliyonenepa

Tulikuwa waendesha pikipiki watatu katika depo ya maziwa ya Nakuru, na kuna kipindi hatukuwa na jambo jingine la kubishania ila gadi. Gadi ni vile vyuma vilivyopindwa vinavyofungwa mbele ya injini, kimoja kila upande, ili pikipiki ikianguka chuma kitangulie kugonga chini kabla ya injini na kabla ya mguu wa mtu. Mkubwa wa depo alikuwa ameagiza jozi tatu kutoka Nairobi. Akaziweka stoo, akasema anayetaka afungiwe na asiyetaka aache. Kosa lake lilikuwa hilo la kutuachia tuamue wenyewe.

Mwenzetu wa njia ya Naivasha alifungiwa siku ileile. Huko kwake kulikuwa na vumbi jepesi kama unga, gurudumu likizama hulioni tena, na alikuwa ameshaanguka mara nyingi kuliko alivyopenda kusema. "Bila gadi," alituambia, "mguu wako ndio gadi." Mwenzetu wa njia ya Solai alikataa katakata. Alidai amemwona kwa macho yake mtu ambaye gadi ilijichimbia katika mfereji ulioachwa na magurudumu ya lori, pikipiki ikampindukia, mguu ukabanwa kati ya chuma na silinda. "Ule ni mtego, na mimi si panya." Walibishana mpaka chai ikapoa, kisha wakanigeukia mimi, kila mmoja akitaka nimuunge mkono.

Mimi nilikuwa wa njia ya Njoro na Mau Narok, na nilisema sitaki. Baadaye nikasema nataka. Wenzangu walidhani nimeingiwa na woga, wakanitania siku nyingi, nami nikawaacha wanitanie kwa sababu ukweli ungewachekesha zaidi. Acha niuseme sasa, maana wote wawili hawapo tena wa kunicheka. Nilifunga gadi ili pikipiki yangu ishindwe kupita mahali fulani.

Mahali penyewe palikuwa kando ya geti la shamba la mwisho, juu kabisa, kabla ya kufika Mau Narok. Mageti mengine ya njia yangu yalikuwa wazi mchana. Hilo lilifungwa kwa mnyororo na kufuli wakati wote, kwa kuwa ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na mlowezi mwenyewe alikuwa mtu wa kuogopa vivuli. Lakini ubavuni mwa geti paliachwa kipenyo, nafasi nyembamba kati ya nguzo mbili fupi zilizonifika kiunoni, ili mtu wa miguu apite na ng'ombe asipite. Pikipiki yangu ilipita hapo. Usukani ulipita juu ya nguzo, injini na vikanyagio vikapita katikati, nami nimeinua miguu juu mithili ya mtu anayevuka mto na viatu vipya. Nilijivunia sana ufundi ule. Hakuna aliyekuwapo kuuona isipokuwa mlinzi wa geti.

Sasa nieleze kidogo habari za maisha yangu ya wakati ule, ingawa hayakuwa na mengi. Mimi ni Mtaita. Kazi ndiyo iliyonileta Njoro, nikapanga chumba nyuma ya duka, na kila asubuhi nilitoka na mkoba wa vichupa kwenda mashambani. Nilichota maziwa kidogo kutoka kila zizi, nikavirudisha vichupa depo wapime mafuta yake. Mpima maziwa hapendwi. Mwenye shamba anadhani umekuja kumpunja, na mkamuaji anadhani umekuja kumchongea. Ongeza Hali ya Hatari juu ya hayo. Wakikuyu wengi walikuwa wameondolewa katika mashamba yale, nyumba zao zimebaki milango wazi, na waliobaki pamoja na walioletwa mahali pao walikuwa wamejifunza kunyamaza. Nani angetaka kuzungumza na mgeni mwenye buti, pikipiki na mkoba wa ngozi? Waliniitikia "mzuri" huku wakiangalia ndoo. Sikuwalaumu, lakini upweke ule ulinila. Kuna wiki ambazo Jumamosi ilifika nikakuta sauti yangu imekwama kooni, kwa kuwa tangu Jumatatu nilikuwa sijasema zaidi ya hodi na kwaheri.

Katika hali hiyo ndipo baba yangu alipofariki. Habari nilipewa na mtu wa kwetu aliyefanya kazi kwenye reli. Alinikuta stesheni ya Nakuru nimekwenda kupokea sanduku la vichupa vipya, akavua kofia kabla hajafungua mdomo, nami nikajua. Walikuwa wameshamzika zamani. Nilimshukuru, treni yake ikaondoka, nikafunga sanduku langu kwenye kiti cha nyuma na kurudi Njoro. Kwetu mtu akifiwa watu huja kukaa naye. Hata yule asiyejua la kusema huja kukalia benchi tu, akakohoa, akakaa. Pale Njoro hakuna aliyejua kwamba nilikuwa na baba, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba sinaye tena. Kesho yake nilikwenda kazini.

Mlinzi wa geti lile la juu alikuwa mzee wa Kitugen, mrefu, aliyepanuliwa masikio tangu ujana, akazoea kuzikunja ndewe zake juu ya masikio zisimsumbue. Aliishi peke yake katika kibanda cha mabati hapo hapo getini. Kwa miezi mingi tulijuana kwa mikono tu. Yeye aliinua wa kwake, mimi nikainua wa kwangu, huyo nimepita kwenye kipenyo.

Kisha ugonjwa wa midomo na kwato ukaingia mashamba ya jirani. Kipenyo kikazibwa kwa miba, na chini ya geti likatandikwa gunia lililoloweshwa dawa, kila gurudumu na kila buti likanyage hapo kabla ya kuingia. Ilikuwa siku chache tu baada ya stesheni. Nilifika, nikaona miba, nikapiga honi kwa mara ya kwanza.

Mzee alikuja na ufunguo lakini hakufungua. Alisimama upande wake wa geti, akaweka mikono yake miwili juu ya mbao, akanitazama.

"Habari ya huko unatoka?"

"Mzuri, mzee."

"Wewe mtoto ya nani?"

Tangu nifike bonde lile hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Watu waliuliza natoka ofisi gani. Nikataja jina la baba yangu. Akalirudia polepole, akilipinda kidogo kwa ulimi wa kwao, na nikasikia jina la baba kwenye mdomo wa mtu mwingine.

"Nyumba yake iko wapi?"

"Mbali, mzee. Taita. Njia ya kwenda Mombasa."

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Ng'ombe?"

"Ziko."

"Baba hajambo?"

"Hajambo," nikasema.

Wewe unayesoma haya unajua tunavyojibu. Hatumtupii mtu msiba usoni. Hata kama nyumba imeungua jana, jibu la kwanza ni salama, kisha ndipo linapofuata neno "ila", na habari yenyewe ikaingia taratibu nyuma yake. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema. Lakini mzee alikuwa ameridhika na hajambo yangu, ameshageukia kufuli. "Msalimu," akasema. "Mwambie mzee ya geti anamsalimu." Mnyororo ukaanguka, geti likafunguka, nikapita juu ya gunia, na ile ila yangu nikaondoka nayo.

Nilisimama mbele kidogo, katikati ya ngano, mahali pasipo na nyumba, nikalia kwa mara ya kwanza tangu stesheni. Nililia mpaka nikachoka. Na nilipomaliza nikashangaa kuona nimefarijika. Katika bonde lote lile kulikuwa na mtu mmoja aliyejua jina la baba yangu, na kwa mtu huyo baba yangu alikuwa ameketi uani kwake akingoja salamu.

Kila wiki nikawa napiga honi. Kila wiki mzee aliuliza kwa mpangilio uleule, mama, ng'ombe, baba, na kila wiki baba hakuwa na jambo. Mzee akaanza kuuliza zaidi. Huko kwa baba mvua imenyesha? Imenyesha. Anafuga nyuki? Hafugi, ila anasokota kamba, hakuna anayemshinda kwa kamba pale kijijini. Mzee alipenda hilo la kamba, na wiki iliyofuata aliuliza kama kamba zinauzwa vizuri. Nilimpa habari za zamani zikawa habari za juzi. Wala sikuhisi nadanganya. Nilihisi nimefika nyumbani kwa muda wa kufungua kufuli.

Ugonjwa ukaisha, miba ikaondolewa, na mzee akanionyesha kipenyo kwa kidole. "Pita tu, kijana." Nikapita. Tukarudia mikono yetu.

Utaniuliza, si ungesimama tu ukamwamkia? Basi huijui miaka ile. Kijana asiye wa shamba akionekana amesimama na mlinzi bila shughuli, meneja alianza kuuliza maswali, na maswali ya wakati ule yaliweza kumfukuzisha mtu kazi au kumfikisha kwenye kambi ya kizuizini. Na kumpigia honi mzee wa makamo ya baba yangu aje anifungulie, ilhali nafasi ya kupita ninayo, ingekuwa jeuri. Waliozoea kufanya hivyo walikuwa wazungu. Nilihitaji sababu ambayo hata meneja angeiona. Nilifikiri njia nzima ya kuteremka Njoro, na kabla sijafika nilikuwa nimezikumbuka zile gadi stoo.

Fundi wa depo alikuwa Mhindi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Wewe nasema hapana taka," akanikumbusha.

"Sasa nataka."

"Nafunga karibu na injini ama nje?"

"Nje. Nje kabisa."

"Kwa nini nje kabisa?"

"Miguu yangu mirefu."

Aliiangalia miguu yangu, ambayo si mirefu, akaokota spana. "Injini ikivunjika mimi naweza tengeneza," akasema akiwa ameinama. "Mguu yako mimi hapana weza. Bora umekuja." Mwenzetu wa Naivasha alinipongeza kwa kuwa na akili. Wa Solai hakunisemesha mpaka jioni.

Wiki hiyo nilifika getini, nikaingiza pikipiki kwenye kipenyo makusudi, mzee akiwa anatazama. Gadi ya kulia ikagonga nguzo. Nikarudi nyuma, nikajaribu tena, ikagonga tena. Sijawahi kuigiza mahali popote ila hapo, na nadhani niliigiza vizuri. Mzee alisogea, akapapasa vile vyuma, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Pikipiki yako imenenepa."

"Imenenepa, mzee."

"Haya, ngoja nilete ufunguo."

Nilipata msimu mzima wa raha. Kiangazi kilikuwa kikali, ngano imevunwa, upepo wa Mau unapiga mpaka kwenye mifupa, nami nilipanda mlima ule kila wiki nikiimba. Nilisahau hata kwamba gadi zina kazi nyingine.

Kisha siku moja nilimkuta mzee amesimama kando ya kipenyo na jembe, suruali imejaa udongo, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Alikuwa ameing'oa nguzo moja, akachimba shimo jipya hatua moja pembeni, na kuisimika huko. Shimo la zamani alikuwa amelifukia.

"Nimekupanulia," akasema. "Kila siku unachelewa kwa sababu ya hii geti. Ng'ombe mimi nitaangalia. Sasa pita tu."

Nilibaki nimekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Ardhi ya kule juu wakati wa kiangazi ni ngumu, na yeye hakuwa kijana. Alikuwa amefanya kazi ile peke yake kwa ajili yangu, na alikuwa ananitazama aone nitakavyofurahi. Mtu akikufanyia hivyo, unapita. Nilipita, na gadi hazikugusa popote.

"Asante, mzee."

"Haya. Msalimu baba."

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zote. Mwanzoni nilimkasirikia mzee, niseme kweli, nikamwona kiherehere aliyeharibu kitu kizuri kwa wema wake. Halafu nikaanza kufikiri vibaya zaidi. Labda alikuwa amenichoka. Labda alichimba ardhi ile ngumu ili asisikie tena habari za kamba za Taita, na akaniambia kwa upole, kama wazee wanavyojua, kwamba nipite niende zangu. Nilipokuwa peke yangu chumbani wazo hilo lilikuwa na nguvu sana. Kila nilipofika getini niliinua mkono haraka na kuangalia mbele. Mzee naye aliinua wake, akaketi.

Mvua zikaanza. Nilifika siku moja barabara imekuwa tope tupu, nikaingia kwenye kipenyo taratibu, na gurudumu la mbele likatua juu ya lile shimo la zamani lililofukiwa. Udongo wake ulikuwa umelainika ukawa uji. Gurudumu likazama mpaka katikati, usukani ukanipokonya mikono, nikaenda chini ubavu mzima na pikipiki juu yangu. Nilisikia chuma kikigonga jiwe, mguu wa kulia ukiwa chini ya injini, nikafumba macho nikingoja maumivu.

Hayakuja. Gadi ilikuwa imetua juu ya jiwe na kuishikilia pikipiki yote, na mguu wangu ulikuwa umelala katika nafasi iliyobaki, salama, haujaguswa hata na silensa. Mwenzetu wa Naivasha alikuwa amesema kweli. Mzee alikuja mbio, ameacha kiatu kimoja kwenye tope, akainua pikipiki huku akigumia, nikatoka.

"Umevunjika?"

"Hapana."

Akapapasa mguu wangu kutoka goti mpaka kifundo, kisha akaipigapiga gadi kwa kiganja. "Hii chuma ni nzuri. Imekuokoa."

Hapo nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio mbele yake, mwanamume mzima nimejaa tope.

"Sasa unalia nini na mguu iko?"

"Mzee, hii chuma sikuiweka kwa sababu ya mguu. Niliiweka ili nisipite hapa. Nilitaka ufungue geti."

Hakuelewa. Nikarudia. Alinitazama, mvua ikimtiririka kwenye masikio.

"Mimi nilikuwa nafikiri nakuchosha," akasema. "Kijana ako na kazi yake, na mimi nasimama hapo nauliza mama, nauliza ng'ombe, nauliza kamba. Nikasema huyu anavumilia tu kwa sababu ya heshima. Nikasema nimpatie njia."

"Nilitaka uulize."

Mzee alikwenda kibandani akarudi na jembe. Akaing'oa ile nguzo, akazoa tope kutoka shimo la zamani, akaisimika humo, akaishindilia kwa mawe na kisigino. Nilipotaka kumsaidia alinizuia kwa mkono. Alipomaliza aliitikisa nguzo, ikasimama imara, akaridhika.

"Sasa rudi huko barabara."

"Kufanya nini, mzee?"

"Rudi. Halafu kuja upige honi."

Niliisukuma pikipiki mpaka barabarani. Iliwaka kwa shida. Nikaigeuza, nikaja mpaka mbele ya geti, nikapiga honi. Mzee alikuwa ameingia kibandani na kufunga mlango, na wala hakuharakisha. Nilisubiri kwenye mvua. Mwishowe akatoka na ufunguo, akaja akaweka mikono yake miwili juu ya mbao.

"Habari ya huko unatoka?"

"Mzuri, mzee."

"Wewe mtoto ya nani?"

Nikataja jina. Akalirudia vilevile alivyozoea.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Ng'ombe?"

"Ziko."

"Baba hajambo?"

"Hajambo," nikasema, na safari hii mzee hakugeukia kufuli. Mikono yake ilibaki juu ya mbao. Alikuwa ameona machozi yangu, na alijua kuna kitu kimebaki, akakingoja.

"Hajambo," nikasema tena, "ila alikufa. Alikufa kabla sijapiga honi hapa mara ya kwanza."

Mzee akatia ufunguo mfukoni. Akatoka kupitia kipenyo, akajibanza kati ya zile nguzo mbili, akaja upande wangu. Akaizima pikipiki kwa mkono wake mwenyewe. Kulikuwa na gogo kando ya geti. Akalikalia, akaniachia nafasi.

"Kaa."

"Watatuona, mzee."

"Waone."

Nikakaa. Mvua ilikuwa inanyesha na yeye alikuwa na kiatu kimoja. Alikohoa kidogo, akakaa. Maziwa ya shamba lile hayakupimwa wiki hiyo.